Mwenye Kuyachafua Maji Ayasafishe Langoni Mwake



Wapendwa waamini, juma hili tunawaalika tushuke pamoja bondeni. Si safari ndefu. Kutoka Kariakoo, ukiufuata Mtaa wa Msimbazi hadi Fire, kisha ukashika Barabara ya Morogoro, muda si mrefu unaliona bonde la Jangwani, na ndani yake mto ulioupa mtaa huo jina. Jina hilo tunalipenda sote. Parokia na kituo cha Kanisa pale Ilala vinaitwa Msimbazi. Mashabiki wa Simba hujiita Wekundu wa Msimbazi, na watani wao wa Yanga hujivunia kuwa watoto wa Jangwani. Jiji zima limegawana jina la mto na jina la bonde lake kama watoto wanavyogawana urithi wa baba yao. Lakini maji yenyewe yanayopita chini ya majina hayo hakuna anayependa kuulizwa habari zake.

Sisi tunataka kuyaulizia. Siku hizi katika semina na makongamano tunasikia maneno mazuri juu ya kusafisha majitaka hatari ya viwandani ili yatumike tena kwa njia endelevu. Husemwa kana kwamba ni jambo la kesho, la wataalamu, la mitambo itakayonunuliwa fedha zitakapopatikana. Tunapinga namna hiyo ya kusema, kwa sababu inaficha ukweli. Jiji la Dar es Salaam linatumia tena majitaka ya viwandani leo hii, na limekuwa likiyatumia kwa miaka mingi. Yanachotwa kwa ndoo na madumu, yanamwagiliwa kwenye matuta ya mchicha na matembele, yanafungwa mafungu na kupangwa sokoni, na jioni yanaingia katika sufuria zetu. Kutumia tena tumekwisha kuanza zamani. Tulichokiacha ni kusafisha.

Tuufuate mto tuone. Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukiwa maji safi ya msitu. Kisha unaingia mjini. Unapita Vingunguti, kwenye machinjio na mabwawa ya majitaka, jirani na eneo la viwanda lililojipanga kando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita Barabara ya Pugu. Unapita Tabata, Buguruni na Kigogo. Vijito vinavyotoka upande wa Ubungo na Sinza, vikiwa na vya kwao vya viwandani na majumbani, vinaungana nao njiani. Ukifika Jangwani umekwisha kubeba damu ya machinjio, kinyesi cha vyoo vilivyofurika, rangi, mafuta, asidi na sabuni kali. Unamaliza safari kwenye mikoko karibu na Daraja la Salenda, unamwaga vyote katika Bahari ya Hindi, mahali ambapo watu huvua samaki na watoto huogelea.

Kariakoo yenyewe isijitoe katika hesabu hiyo. Upande wa Gerezani ziko gereji zinazomwaga oili chafu kwenye mtaro, wako wanaofungua betri za magari na kuiacha asidi yake ipotelee ardhini. Mfereji wa barabarani haujui kama kilichoingia ndani yake kimetoka kwenye kiwanda chenye ukuta na mlinzi au kwenye kibanda cha fundi mmoja. Vyote huishia katika maji yaleyale.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha matokeo ya vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walitafuta metali nzito, kama risasi, kadimiamu, shaba na zinki, na baadhi ya vipimo vilizidi viwango vinavyokubalika kwa chakula. Tunaukumbusha mwaka huo makusudi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1999 sasa ni mtu mzima, huenda ni mzazi. Kizazi kizima kimekula, kimekua na kimeoa tangu tulipoambiwa. Asiseme mtu kwamba hatukujua.

Na risasi ni nini katika mwili wa mtoto? Shirika la Afya Duniani linatufundisha kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Huingia kidogo kidogo, hujificha katika mifupa, huudhuru ubongo unaokua, na humfikia mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Haileti homa ambayo mama ataiona usiku akakimbilia zahanati. Huleta mtoto mzito wa kuelewa, asiyetulia, anayeitwa mvivu darasani na kuchapwa kwa uvivu ambao si wake. Kadimiamu huharibu figo. Kromiamu ya aina ile kali, itumikayo katika kupakia metali rangi ya kung'aa, husababisha saratani. Tumezoea kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba, tukihimizana kuweka akiba. Methali hiyo ni ya kweli hata kwa sumu. Kibaba kinachojazwa hapa ni mwili wa mtoto.

Hapa tunaomba tuelewane vizuri, kwa maana uzembe mwingi wa jambo hili umejengwa juu ya kutoelewa. Uchafu wa viumbe hai, kama vile kinyesi, damu na mabaki ya chakula, huoza. Ukiuweka katika bwawa lenye jua na hewa ukaupa muda, vijidudu vitautafuna hadi uishe. Ndiyo hekima ya mabwawa ya majitaka, nayo ni hekima nzuri. Lakini metali haiozi. Hakuna kijidudu kitakachoitafuna risasi ikawa kitu kingine. Ukiipeleka bwawani itatulia kwenye tope, na siku tope litakapotibuka itaondoka na maji. Kuchanganya majitaka ya kiwanda cha metali na majitaka ya vyoo, kisha kuyapeleka yote katika bwawa moja na kusema yametibiwa, ni sawa na kumpa mwenye malaria dawa ya minyoo na kumwandikia kwamba amepona.

Wapendwa, mnaikumbuka habari ya Musa na mto Nili. Maji yalipoharibika, samaki wakafa na mto ukanuka. Maandiko yanatuonyesha watu wawili mbele ya mto uleule. Farao aligeuka akaenda nyumbani kwake, wala jambo lile hakulitia moyoni. Raia wa Misri wakabaki wakichimba kandokando ya mto wapate maji ya kunywa. Aliyesababisha msiba kwa ukaidi wake alikwenda kupumzika, na wasiohusika wakashika majembe. Nendeni Jangwani, nendeni Vingunguti, mtawaona wanaochimba. Hao Mafarao waliogeuka na kwenda nyumbani kwao wako wapi? Baadhi yao, tuseme bila kuogopa, wana viti vyao vya kila Dominika katika makanisa yetu.

Tunazijua hoja wanazojitetea nazo. Tuzijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza husema kwamba mvua itasafisha. Ni hoja ya kale, na ndiyo iliyozaa desturi ya kungoja masika ili kufungulia uchafu. Desemba 2011 mvua ilikuja kweli. Bonde la Msimbazi lilifurika, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha katika jiji letu, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Je, maji yale yalisafisha? Yaliutoa uchafu mtoni na kuuingiza vyumbani, kwenye magodoro, kwenye visima na kwenye udongo wa bustani. Mvua haiondoi sumu, inaigawa. Na katika mgao huo wenye nyumba za mabondeni ndio wanaopata fungu kubwa. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga. Ikiwa maji matupu hayazoleki, vipi kuhusu risasi iliyokwisha kusambaa katika bonde zima?

Hoja ya pili husema kwamba wakulima wa mboga wafukuzwe. Hii husemwa kwa sauti ya kujali afya, na sheria inayokataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni husomwa kwa ukali mbele ya mama mwenye matuta manne ya mchicha. Hatuipingi sheria hiyo. Ni ya haki na inalinda mto. Tunachokipinga ni sheria inayomwona mwenye ndoo na kushindwa kumwona mwenye bomba. Mama yule hakutengeneza risasi. Alikuta maji, akayatumia, akalisha watoto na akalisha mji. Ukimfukuza leo na bomba likaendelea kumwaga, kesho sumu itapita mbele ya mwingine: mvuvi, mfua nguo, mtoto anayetafuta vyuma chakavu. Anayetaka mboga salama na aanzie juu ya mto, kwenye ukuta wa kiwanda, kabla ya kushuka na mgambo kwenye matuta ya bondeni.

Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa na watu wenye tai: kusafisha majitaka ni ghali, viwanda vitafungwa, vijana watakosa ajira. Hoja hii tunaiheshimu kwa sababu ajira ni jambo zito, nasi tunawajua kwa majina wanaozitafuta. Lakini inatudanganya katika neno moja. Inasema gharama itakuja, ilhali gharama ipo tayari, na inalipwa kila siku. Wanaolipa ni wale wasio na hisa katika kiwanda, nao wanalipa kwa figo, kwa akili za watoto wao na kwa samaki walioadimika. Kwa hiyo swali la uchumi na la dhamiri ni moja: nani alipe? Faida inayopatikana kwa kumwachia maskini bili yako, katika katekisimu tuliyofundishwa, inaitwa wizi.

Majirani zetu wa Mombasa wameijua bei hiyo. Katika mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata risasi. Moshi wake na maji yake machafu viliingia katika makazi ya watu, na watoto wakakutwa na risasi katika damu. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale na ambaye mwanawe aliugua, aliamua kusema. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3; uamuzi huo ukatenguliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikawapa wakazi ushindi. Pimeni wenyewe kipi ni ghali: mtambo wa kusafisha majitaka, au kijiji kizima kinachopanda na kushuka ngazi za mahakama kwa miaka huku watoto wake wakiwa wagonjwa? Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Kule Minamata, Japani, ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na kiwanda kikaendelea kumwaga zebaki baharini hadi mwaka 1968. Miaka 12 ya kubana matumizi, na jina la mji likageuka kuwa jina la ugonjwa.

Hoja ya nne ni ya wanyenyekevu wa uongo: sisi ni nchi maskini, haiwezekani. Tunajibu kwamba Afrika iliwahi kuambiwa hivyo kuhusu petroli yenye risasi. Ilikuwa kila mahali, magari yote yaliitumia, na tuliambiwa mabadiliko hayawezekani. Mwaka 2001 nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeacha kuiuza. Haikuwezekana hadi pale ilipoamuliwa.

Basi kusafisha kwenyewe ni jambo gani? Si muujiza. Majitaka ya kiwanda hukusanywa kwanza katika tangi ili yasitoke kwa mafuriko, leo makali na kesho mepesi. Mafuta huenguliwa juu. Asidi hupozwa. Kromiamu ile kali hubadilishwa kwa kemikali iwe aina isiyo kali sana, kisha huongezwa chokaa, naam, chokaa tunayoifahamu wote. Metali zilizokuwa zimeyeyuka zikaganda na kuzama chini kama tope. Maji ya juu hupitishwa kwenye mchanga na mkaa maalumu, na anayetaka kuyarudisha yawe safi kabisa huyapitisha katika vichujio vya utando mwembamba. Lile tope halitupwi dampo pamoja na maganda ya ndizi. Hukaushwa na kuhifadhiwa mahali palipotengwa kwa taka hatari, kwa maana sumu haikupotea, imekusanywa tu. Anayejigamba kwamba anasafisha maji, lakini hawezi kutuonyesha tope analipeleka wapi, hajasafisha kitu. Amehamisha dhambi kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Maji yaliyosafishwa hivyo yana kazi nyingi. Yarudi kiwandani, yapoze mashine, yaoshe sakafu, yatie rangi kitambaa kingine. Kazi ya kutia rangi na kumalizia nguo huweza kutumia lita 100 za maji kwa kila kilo moja ya nguo. Oktoba 2022 kina cha mto Ruvu kilishuka na jiji likatangaziwa mgao wa maji. Mlipanga foleni na madumu, mkanunua kwa bei ya kuumiza. Katika jiji la namna hiyo, kiwanda kinachovuta maji ya Ruvu asubuhi na kuyatupa Msimbazi jioni yakiwa na sumu kinamwibia mwananchi mara mbili: kinamnyang'anya maji aliyoyahitaji, na kumharibia yale aliyokuwa nayo.

Tunajua yanawezekana kwa sababu yamefanyika. Mji wa Windhoek, Namibia, uliozungukwa na ukame, ulianza mwaka 1968 kusafisha majitaka ya majumbani hadi yakafaa kunywewa, na wananchi wake wameyanywa tangu hapo. Lakini siri ya mafanikio yao ndiyo inayotuhukumu: majitaka ya viwandani yalitengwa, yakapewa njia yake na mtambo wake, yasichanganyike kamwe na yale yatakayorudi mezani. Kutenga ndio mwanzo wa kila kitu. Hapa kwetu, Moshi, maji yaliyopita katika mabwawa ya majitaka na katika ardhioevu ya matete yametumika kumwagilia mpunga, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakiitafiti njia hiyo tangu miaka ya 1990. Hata Soko Kuu la Kariakoo, lililojengwa miaka ya 1970 kwa mchoro wa Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, lilipewa paa la miavuli mikubwa ya zege iliyobuniwa kukinga maji ya mvua. Nusu karne iliyopita mtu wetu aliyatazama maji yanayoanguka juu ya Kariakoo akaona yasipotee. Hatukukosa akili. Tumekosa aibu.

Wala hatukukosa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayotiririshwa yasizidi miligramu 0.1 ya risasi katika lita moja, yaani gramu moja tu katika lita 10,000. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka kila anayetiririsha majitaka katika chanzo cha maji awe na kibali. Ibara ya 14 ya Katiba inatambua haki ya kuishi. Yote yameandikwa, yamepigwa chapa na kugongwa muhuri. Lakini mto hausomi gazeti la serikali. Hupokea kile unachopewa.

Na asije mtu akasema kwamba mnyonge hana la kufanya. Mnawakumbuka watu wa Tabata? Jiji lilipoligeuza eneo lao kuwa dampo, katika bonde hilihili la Msimbazi, wakazi walikwenda Mahakama Kuu na mwaka 1988 wakashinda. Jiji likaomba liongezewe muda, tena na tena. Mwishowe Jaji Lugakingira alikataa, akaihusisha hewa chafu ya dampo lile na haki ya kuishi iliyo katika Katiba, na akashangaa kuona mamlaka ya umma ikiingia mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuchafua na kuhatarisha maisha ya watu. Hawakuwa matajiri wale. Walikuwa majirani waliochoka kukohoa, wakaamua kusimama pamoja.

Sasa kuna mpango mkubwa juu ya bonde letu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi: kupanua mkondo, kuinua daraja la Jangwani, kuzihamisha familia zinazoathiriwa na mafuriko, kutengeneza bustani ya kupumzikia. Tunaushukuru mpango huo, kwa kuwa tumezika wengi waliochukuliwa na maji pale. Lakini tunasema mapema, ili isije kusemwa kwamba tulinyamaza: bustani nzuri kando ya mto wenye sumu ni lile kaburi lililopakwa chokaa ambalo Bwana wetu alilisema. Nyasi zitakuwa kijani, wenye kufunga ndoa watapiga picha, na chini yao risasi itaendelea kushuka taratibu kuelekea mikokoni. Mto hautengenezwi kwa kupambwa kingo. Hutengenezwa kwa kuzibwa mabomba yanayoutia sumu.

Kwa hiyo tunadai, na tunatumia neno kudai kwa makusudi.

Kwanza, kila kiwanda na kila karakana itumiayo kemikali hatari isafishe majitaka yake ndani ya lango lake, kabla hayajakutana na ya mtu mwingine. Mafundi wadogo wa Gerezani ambao hawawezi kujenga mtambo mmoja mmoja watengenezewe mahali pa pamoja pa kukusanyia oili na asidi, kwa bei wanayoimudu. Kumwonea mdogo na kumwogopa mkubwa si utawala wa sheria.

Pili, vipimo viwekwe hadharani. Mwenye kibali cha kutiririsha majitaka abandike langoni, kwa Kiswahili kinachosomeka, anatoa nini na kiasi gani, na lini alipimwa mara ya mwisho. Siri ya kibiashara haihusiani na kile kinachoingia katika mboga ya jirani.

Tatu, wakulima wa mboga wapatiwe maji salama au ardhi salama kwanza, ndipo waambiwe waondoke. Maji yaliyosafishwa na kupimwa yawe ya kwao kabla ya kuwa ya viwanja vya gofu.

Nne, na hili ni letu wenyewe. Jumuiya Ndogo Ndogo ziangalie mitaro ya mitaa yao na kuuliza maswali kwenye mikutano ya serikali za mitaa, kwa maandishi, na kuhifadhi nakala. WAWATA, ninyi ndio mnaonunua mchicha; muulizeni muuzaji umelimwa wapi, mkimuuliza kwa upole na bila kumdharau, kisha mpelekeeni diwani swali hilohilo kwa ukali zaidi. VIWAWA, wapo kati yenu waliosoma kemia. Ujuzi huo haukutolewa kwa ajili ya mtihani tu. Na ninyi mnaomiliki viwanda, gereji na karakana, mnaotuletea zaka na michango ya ujenzi: Mungu awabariki kwa ukarimu wenu, lakini sakramenti ya kitubio inadai malipizi. Aliyeiba hurudisha. Aliyechafua husafisha. Hakuna mchango wa altare unaoweza kuondoa risasi katika mfupa wa mtoto.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba maji safi ni haki ya msingi ya kila mwanadamu, na kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini visitenganishwe masikioni mwetu. Kila mara tunapombatiza mtoto tunayabariki maji kwanza. Hatuwezi kuyaita matakatifu kwenye kisima cha ubatizo na kuyaita dampo yanapofika Jangwani. Maji ni yaleyale, na watoto wanaoyanywa ni walewale tuliowabatiza.

Mkutano ujao wa mtaa wenu, wapendwa, msikose.